Hesabu Huanza Upya

Dolok Sanggul, Sumatra. Saa mbili asubuhi.
Ukungu umeingia darasani bila hodi.
Bi Hotmaida Manullang anachora pembe sita ubaoni,
kisha duara ndani yake, bila kuinua chaki.
"Hii ni benzini. Elektroni sita za humu hazina mwenyewe.
Zinazunguka. Msiniulize ziko wapi."

Rotua haulizi. Anakwangua kucha chini ya dawati.
Zina utomvu uliogoma kutoka kwa sabuni:
juzi na jana alikuwa msituni na baba yake,
wakibandua machozi ya mti yaliyogandia kwenye gome,
meupe, mazito, yanayonukia hata yakiwa baridi.
Haminjon, ndivyo wanavyouita kwao.
Waarabu waliununua wakauita lubani ya Java
(Java haikuwa yake, lakini nani angebishana na mnunuzi?),
neno likapanda merikebu, likakatwa kichwa bandari hii,
likabadilishwa mkia bandari ile,
hata Wajerumani walipochemsha asidi yake na chokaa
wakapata kimiminika chepesi, wakakipa kilichosalia cha jina.
Benzini.
Nasi tukabaki na ubani:
ule wa chetezoni,
na ule tunaoufunga kwenye bahasha tukaupeleka matangani.

"Kila mmoja ana jina la nyumbani na jina la cheti,"
anasema mwalimu, na chaki inalia.
"Methilibenzini, nyumbani toluini.
Hidroksibenzini, fenoli. Aminobenzini, anilini.
Mtihani utawaita kwa lolote kati ya hayo. Itikeni.

Anayebeba jina ndiye namba moja.
Kutoka kwake zunguka upande wenye namba ndogo.
Wa ubavuni mwake ni ortho.
Ruka mmoja, meta.
Anayemtazama uso kwa uso, huyo para.
Hidrojeni wapo. Hatuwataji."

Rotua anaandika, kisha haandiki.

Mkeka wao nao ulikuwa na nafasi sita.
Mama penye sufuria, namba moja, mwiko mkononi.
Yeye ubavuni mwa Mama, namba mbili.
Baba upande wa pili, uso kwa uso na mkewe,
akisifia samaki kwa nyusi tu.
Na wadogo watatu katikati ya wakubwa,
wapo, wanamwaga mchuzi, hawatajwi.
Mwezi wa pili Mama alizikwa mvua ikinyesha.
Tangu hapo wanakula wameacha pengo,
na kila mtu anajipakulia kimyakimya
kana kwamba anaiba.

"Swali la nne. Mbili-bromo-nne-nitrotoluini.
Ondoeni methili. Taja kilichobaki."

Darasa zima kwa sauti moja:
"Mbili-bromo-nne-nitrobenzini!"
Bi Hotmaida anafuta miwani kwa pindo la kebaya.
Anangoja.

"Moja," anasema Rotua.
"Moja-bromo-tatu-nitrobenzini."
"Kwa nini?"
"Aliyeshika moja ameondoka."
Koo linamkwama, anameza.
"Bromo hajahama, Bi. Yuko palepale.
Na nitro yuko palepale.
Ila huwezi kuanzia kuhesabu kwa mtu ambaye hayupo."

Mwalimu anaiandika, anaipigia mstari,
wa kwanza umepinda, anaupiga tena.

Jioni mizani ya Baba inaning'inia mlangoni,
kilo tatu na robo, mnunuzi atasema mbili na nusu.
Wali umeiva. Wadogo wanasukumana.
Rotua anakaa pale pale anapokaa siku zote,
anauvuta mwiko.
Kuanzia kwake: moja.
Baba, aliyekuwa nne, sasa ni tatu.
Aliyekuwa para ni meta,
na hajui,
anashangaa tu sahani yake imetangulia kujaa,
na mkono ulioishika unanukia msitu.

"Umenawa?" anauliza.
"Nimenawa mara mbili. Haitoki."